Mbona daftari la mwanangu liko tupu?

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wazazi wa darasa la awali, hapa Ujiji, mkoani Kigoma. Wazazi waliokuwa bado mwaloni, wanakotua wavuvi, asubuhi ile waliniomba niyaandike wayasome kwa nafasi yao. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema.

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu wangu, mwenyekiti wetu wa mtaa, walimu wenzangu, wazee wetu, shikamooni. Wa rika langu, habari za asubuhi. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alisimama kwenye dirisha la darasa langu. Alikuwa na beseni la dagaa kichwani na hakulitua. Mkono mmoja umeshika beseni, mkono mwingine umeshika daftari. Akaniambia, "Mwalimu, tangu Januari mpaka leo, mbona daftari la mwanangu liko tupu? Kurasa nne tu, nazo zimechorwachorwa. Mtoto wa jirani yangu ni rika moja na huyu wangu, keshaandika mpaka mia."

Hakuja kwa ugomvi. Lile daftari lilinunuliwa kwa pesa ya dagaa, na anayejua jinsi dagaa wanavyopatikana anajua uchungu wa pesa hiyo. Nikamwomba anipe siku nimjibu mbele ya wazazi wote, maana swali lake wengi mnalo, ila yeye ndiye aliyelitoa mdomoni. Yupo hapa, amekaa pale chini ya mwembe, na ameniruhusu nilisimulie. Mama, asante. Leo nakujibu.

Nianze na mtoto mmoja wa miaka ya nyuma. Alihamia kwetu akitokea shule nyingine, na daftari lake lilikuwa la kupendeza: 1 mpaka 50, mistari imenyooka, vema nyekundu kila ukurasa. Asubuhi ya kwanza, uji ulipoiva, nikamwambia, "Baba, niletee vikombe saba." Akaenda mezani, akakumbatia vikombe kadiri mikono yake ilivyoweza, akaniletea. Nikamwambia, haya, tuvihesabu. Akaanza vizuri, kidole juu ya kikombe, moja, mbili, tatu, kisha mdomo ukakimbia na kidole kikabaki nyuma. Akafika kumi na mbili. Vikombe vilikuwa tisa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo vikombe vingapi?" Hakusema kumi na mbili wala tisa. Alianza tena: moja, mbili, tatu.

Wazazi wangu, mtoto yule hakuwa mzito. Alikuwa amefundishwa wimbo wa namba na mchoro wa namba, ila namba yenyewe hajakutana nayo. Kuhesabu kuna mambo ambayo sisi watu wazima tumesahau kwamba tuliwahi kuyajifunza. Kila kitu kimoja kinapewa jina moja, hakirukwi wala hakihesabiwi mara mbili. Jina la mwisho ulilolitaja ndilo linalosema jumla, ndiyo maana ukiulizwa "vingapi" huanzi upya. Na saba ni saba, vikombe viwe vimepangwa mstari, vimerundikwa, au vimetawanyika uwanja mzima. Mambo haya hayapatikani kwenye penseli. Mtoto anayapata kwa kushika, kusogeza, kugawa na kupanga, tena mara nyingi kuliko mtu mzima anavyoweza kuvumilia kutazama.

Na mimi nikiri. Miaka yangu ya kwanza nilifundisha kwa kuimbisha. Mwaka 2016 ada na michango ilipoondolewa shuleni, watoto walikuja kwa wingi, na ilikuwa furaha kweli, lakini darasa langu lilijaa mpaka mlangoni. Mwongozo unasema mwalimu mmoja wa awali kwa watoto 25. Mimi 25 sijawahi kuwaona. Nilishika fimbo ya kuonyeshea ubaoni, watoto wakaitikia kwa sauti moja, nami nikaamini sauti ile ndiyo kujua. Sauti ya watoto mia ukiisikia kwa nje ni tamu sana. Ndani yake wapo watoto thelathini wanaojua na sabini wanaofungua midomo.

Kilichonibadilisha ni mdako.

Nilikuwa nimekaa kivulini wakati wa mapumziko, wasichana wawili wanacheza. Nyote mnaujua: kishimo kidogo ardhini, mawe ndani, jiwe moja unarusha juu, na kabla halijatua umekwishachota mengine ukatoa nje, kisha unarusha tena unarudisha, unabakiza moja. Mzunguko wa kwanza unabakiza moja moja. Wa pili, mbili mbili. Wa tatu, tatu tatu. Basi binti mmoja alikuwa na mawe kumi, amefika tatu tatu. Akasimamisha mchezo, jiwe mkononi, akamwambia mwenzake, "Mwishoni litabaki moja peke yake, hilo nalichukuaje?" Mtoto huyo kule darasani nilikuwa nimemwandika "hajui kuhesabu". Kumbe anagawa kumi kwa tatu, na baki analiona kabla hajalifikia.

Tangu siku hiyo mawe yaliingia darasani, na chaki ikapumzika kidogo.

Mambo yakafuatana. Babu zetu wa baraza la bao niliwaomba watuazime bao moja lililochakaa. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto wa miaka mitano hatulii kwenye mchezo wenyewe, una mambo mazito, lakini kitendo kimoja tu cha bao kinamtosha mwezi mzima: kuchota kete na kuziacha moja moja, shimo hadi shimo, bila kuruka. Ndicho kile alichokikosa mtoto wa vikombe. Kidole na mdomo vinalazimika kwenda pamoja, kwa sababu akiruka shimo mwenzake anamwona na kumkatalia.

Kisha kuna mafungu. Watoto wenu wamezaliwa sokoni na mwaloni, hawahitaji kufundishwa fungu ni nini. Nikimwaga kokwa za mise, yaani za michikichi, mkekani nikasema "pangeni mafungu ya tano tano kama mama anavyopanga nyanya," kazi imekwisha anza. Atakayepanga sita anakosolewa na wenzake: umemzidishia mteja! Atakayepanga nne anaambiwa amepunja. Kujumlisha, kutoa, kugawa, vyote viko pale, na hakuna aliyelia.

Sasa nisimulie jambo ambalo si la kwangu, ni la bibi mmoja wa mtaa huu. Mwaka 2024 mnakumbuka ziwa letu la Tanganyika lilifungwa lisivuliwe miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Nyumba nyingi zilibana mkanda. Mjukuu wake, mwanafunzi wangu, alikuwa anamsumbua kila siku: baba anaenda lini ziwani? Bibi akachukua chupa tupu ya maji, akamwambia kila jua likizama atumbukize kokwa moja ya mise. Shule ikafungwa, ikafunguliwa, chupa inaendelea. Ziwa lilipofunguliwa mtoto aliileta shuleni, ameikumbatia kama kuku. Tukaimwaga mkekani. Nikamwambia ahesabu. Alifika kumi na tisa, kisha akasema, "Kumi na kumi."

Wenzake wakacheka. Mimi nilitamani kumbeba. Kwa sababu Kiswahili chetu kinamsaidia sana mtoto mpaka hapo: kumi na moja inajieleza yenyewe kuwa ni kumi na moja nyingine, kumi na mbili vilevile, mpaka kumi na tisa. Halafu ghafla linakuja neno "ishirini", ambalo ndani yake mtoto haisikii kumi wala mbili. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, ni yetu sasa, ila hayajielezi kwa sikio la mtoto. Yule mtoto alikuwa amefikiri mwenyewe: baada ya kumi na tisa, kwa haki, ni kumi na kumi. Nikamwambia umepata, funga fungu la kumi, na hilo la pili funga. Haya ni makumi mawili, watu wanayaita ishirini. Akaendelea. Makumi matatu. Makumi manne. Alipomaliza kulikuwa na mafungu tisa mkekani na kokwa chache pembeni zisizotimiza fungu. Akayatazama, akaniuliza, "Mwalimu, hizi zote ni siku ambazo baba alikuwa nyumbani?"

Ndizo. Na daftari lake siku ile halikuandikwa kitu.

Niingie kwenye kusoma, maana najua wengine mnasema sawa, hesabu tumeelewa, lakini a e i o u je? Herufi zipo. Ila kabla ya herufi kuna sikio. Mtoto anayeanza kusoma anatakiwa kwanza asikie kwamba neno linakatika vipande. Tunapiga makofi. Samaki: sa-ma-ki, makofi matatu. Migebuka: mi-ge-bu-ka, manne. Mwalo: mwa-lo, mawili. Mtumbwi: hapa huwa wanabishana, na sahihi ni matatu, m-tu-mbwi, kwa sababu ile m ya mwanzo inasimama peke yake.

Siku tuliyofika kwenye "dagaa" darasa liligawanyika. Nusu makofi mawili, nusu matatu. Sikuwaambia jibu. Nikawaambia mwiteni muuza dagaa, mpigieni kelele kama yuko mbali. Wakaita: dagaaa! Binti mmoja mdogo sana, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha vidole vitatu. Da-ga-a. Mtoto aliyesikia hivyo, siku atakapoona a mbili zimefuatana ubaoni, hatashangaa zinafanya nini pale. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto mwenye sikio lililofunguka anasoma haraka, na mtoto aliyelazimishwa kukariri umbo la herufi bila sauti yake anaweza kufika darasa la pili, kwenye upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akiwa bado anabahatisha.

Herufi zenyewe tunaziandika kwanza kwa kidole kwenye sinia la mchanga wa ziwani. Nyingine tumezitengeneza kwa boksi: unachora m kubwa, unapaka gundi ya uji wa muhogo, unamwagia mchanga, inakauka. Mtoto anafumba macho, anaipapasa, anasema sauti yake. Jambo hili si geni duniani. Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907, kwenye mtaa wa wafanyakazi maskini wa San Lorenzo mjini Roma, watoto walishika herufi za karatasi ya msasa kabla ya kuandika. Yeye alikuwa na msasa, sisi tuna mchanga wa Tanganyika, na sioni tumepungukiwa nini.

Na kwa nini kidole kabla ya penseli? Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, yote ni gegedu bado, haijawa mfupa. Inageuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda, na mtoto wa miaka mitano hajamaliza safari hiyo. Ukimpa mtoto huyu penseli na kumwambia ajaze ukurasa, anaibana kwa ngumi, mkono unauma, anaanza kuchukia shule. Niliwahi kuwa na mtoto aliyekuwa akiumwa tumbo kila asubuhi ya kuandika. Tumbo lilipona nilipoacha kumwandikisha. Mkono unajengwa na kazi za kubana na kukamua: kufinyanga udongo, kupukuchua mahindi, kuchambua mchele. Tazama mtoto anavyong'oa punje ya hindi, kwa dole gumba na vidole viwili. Ndivyo penseli inavyoshikwa. Kwa hiyo mama anayesema "niache nipike, nenda kacheze huko," mpe huyo mtoto hindi lake apukuchue. Amekusaidia kazi na amejifunza kuandika.

Baba mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, kucheza anacheza nyumbani bure. Shuleni aje asome." Ni neno la haki na ninaliheshimu. Jibu langu ni kwamba mchezo peke yake haufundishi herufi wala namba. Mtoto anaweza kuchezea vizibo vya soda mwaka mzima na asijue saba. Kinachofundisha ni mchezo wenye mtu mzima karibu na swali moja. Unamwachia apange duka lake, halafu unakuja kama mteja: nina vizibo vitano, mkate ni vitatu, utanirudishia vingapi? Unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi, kwa mwalimu na kwa mzazi. Tunapenda kumjibia. Mtoto anaweza kukaa kimya nusu dakika anawaza, na sisi kwenye nusu dakika hiyo tumekwisha mnyang'anya.

Wala hili si jambo nililolizua mwenyewe. Mwaka mmoja wa awali ni wa lazima katika sera ya elimu ya nchi yetu, na mtaala wa awali unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, mtoto ajifunze kwa vitendo. Tatizo ni kwamba watoto tulio nao, chumba tulicho nacho na mwongozo tulio nao havilingani. Nimejifunza kuwagawa: kundi moja mchangani, kundi moja mawe, kundi moja duka, kundi moja na mimi, kisha wanapokezana. Ni kelele, ndiyo. Mkaguzi wa kelele akipita nitapata shida. Lakini mkisimama mkasikiliza, ile kelele ina namba ndani.

Neno kuhusu lugha. Wapo watoto wanaotoka vijijini wakiwa na Kiha tu mdomoni, na wazazi wao wananiomba msamaha kana kwamba wamekosea. Hamjakosea. Mtoto anayejua kuhesabu mbuzi kwa Kiha anajua kuhesabu. Mimi nampa maneno ya Kiswahili tu, ile akili keshakuja nayo. Endeleeni kusema naye Kiha nyumbani, mpeni hadithi na vitendawili, sikio linafunguka kwa lugha yoyote.

Tahadhari, naomba mzishike. Mtoto chini ya miaka mitatu asipewe kokwa, maharage wala vizibo, kwa sababu kila kitu anapeleka mdomoni, na harage likiingia puani linavimba. Mbegu za nyonyo na za mbono ni sumu, zisiwe za kuchezea hata kwa mkubwa. Chupa na madumu yaliyobeba dawa za shambani yasiletwe shuleni hata kama yameoshwa. Na mchanga wa ziwani uletwe na mtu mzima, asitumwe mtoto.

Mama yangu wa daftari, hilo daftari halitabaki tupu. Mwanao alianza kuandika jina lake wiki iliyopita, kwa mchanga, kisha kwa mkaa kwenye boksi, na juzi ameomba penseli mwenyewe. Ukurasa wa tano utauona leo. Herufi moja imegeukia upande usio wake, usimkaripie, itageuka.

Nina maombi mawili. Tunahitaji vizibo, maboksi, visado vilivyotoboka na magunzi, vyovyote mnavyotaka kutupa pitisheni hapa kwanza. Na kwa mafundi seremala mliopo, mbao zenu za mabaki zilizopigwa randa zisimchome mtoto zitatutosha kutengeneza mabao mengine manne. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapa, anayeweza aje.

Sasa tusimame. Watoto wamekwisha panga soko lao nyuma ya darasa tangu asubuhi, na wananichungulia kwa hamu. Mlangoni kila mzazi atapewa vizibo kumi, hizo ndizo hela. Kuna dagaa wa udongo, mawese ya maji ya rangi, na mihogo ya vijiti. Nunueni, na chenji mtakayorudishiwa ihesabuni pamoja na muuzaji, taratibu, mkimwacha yeye atangulie. Karibuni sana.